Kikohozi cha Ndete

Nyumba ya Diwani Kimanzi kule Njiru ilikuwa na vyumba kumi na vitatu na wakazi wanne, mbwa akiwemo. Ilijengwa kwa mawe ya kuchonga na kuezekwa vigae vyekundu vilivyoonekana tangu Kangundo Road, na kila aliyeiona alijiuliza swali lile lile, kisha akalimeza. Posho ya diwani ilijulikana. Angeiweka yote kando bila kula wala kuvaa, isingefika hata kwenye lenta ya madirisha.

Waliompigia kura hawakuwa wameiona. Wao walikuwa Shauri Moyo, kwenye nyumba za chumba kimoja, wakimngoja mheshimiwa awatengenezee mfereji wa maji ambao aliwaahidi mwaka wa tisini na mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na saba, uchaguzi unabisha hodi, na mheshimiwa akaona heri awaite waione nyumba, waiombee, wale wali na nyama, wapakiwe kwenye lori warudi kwao wakimsifu. Mpango ulikuwa mzuri. Ulikuwa umebakiza jambo moja tu, nalo ni la mkewe.

Wavinya alikuwa amehudhuria semina ya wake wa viongozi kwenye hoteli moja kubwa ya mjini. Siku mbili alikaa pale, na katika yote yaliyosemwa juu ya maendeleo ya mwanamke, kilichomwingia ni muziki. Haukuwa na mwimbaji. Haukuwa na ngoma. Ulijaa tu hewani kama marashi, na ukienda chooni ulikuta umeshatangulia.

"Nataka nyumba yangu iwe hivyo," alimwambia mumewe. "Muziki unaotoka pasipojulikana."

Diwani alikubali papo hapo. Vitu vya kutoka pasipojulikana alikuwa na uzoefu navyo.

Ndiyo maana asubuhi moja gari lake lilisimama mbele ya kibanda cha Laban Shiundu, fundi wa redio, kwenye ile barabara ya kuteremkia Gikomba. Shiundu alikuwa peke yake. Siku hizo alikuwa peke yake mara nyingi. Kibandani kulikuwa na redio tatu, na mbili kati yake zilikuwa zake.

"Shiundu! Kumbe bado uko?"

"Niko, mheshimiwa. Niende wapi?"

"Nina kazi ya wiki moja. Kutundika spika, nyumba nzima. Fundi wa mjini alikuja akanitajia vifaa utadhani tunarusha ndege. Nikamwambia spika ninazo. Zimekaa stoo. Mimi nataka mtu wa kufunga tu."

"Mafundi ni wengi hapa, mheshimiwa. Mbona mimi?"

Diwani akacheka, akampiga bega kama mtu anayempima ng'ombe. "Kwa sababu kazi unaijua. Na kwa sababu wewe hata ukisema sasa hivi ni mchana, watu watatoka nje kwanza waangalie jua."

Maneno hayo yalimchoma Shiundu, ila hakuyaelewa. Alidhani ni matusi ya kawaida tu, yale aliyokuwa akiyala kila siku kwa miaka miwili.

Yalianza hivi. Mwaka wa themanini na nne watu wa Shauri Moyo walichanga, kila nyumba kwa uwezo wake, mama wa mboga na mpagazi na karani, wakanunua spika sita kubwa za ukumbi wa mtaa. Shiundu ndiye aliyezifunga na ndiye aliyezitunza. Harusi ilipokuwa, yeye. Matanga yalipokuwa, yeye. Jumamosi kwaya ya ukumbi ilipofanya mazoezi, yeye, na mkewe Asenath akiimba sauti ya pili. Ufunguo wa ukumbi ulikuwa na ndugu yake mmoja tu: mmoja alikaa nao Shiundu, wa pili alikaa nao mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi alikuwa Diwani Kimanzi.

Jumatatu moja ya mwaka wa tisini na tano, ukumbi ulifunguliwa ukakutwa mtupu. Spika zote sita zimekwenda, kufuli halina hata mkwaruzo. Jioni hiyo hiyo diwani akaitisha mkutano. Alisimama juu ya kiti, akavua kofia, akasikitika kama mfiwa.

"Mimi simtaji mtu," alisema. "Mimi nauliza tu. Kufuli halikuvunjwa. Nani ana ufunguo?"

Watu mia tatu wakageuza shingo. Wote waligeukia upande mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba ufunguo ulikuwa na ndugu yake, na Shiundu alipojaribu kusema, aliyemkatiza ni Mama Nerima, kiongozi wa kwaya, mwanamke aliyekuwa akinywa chai kwake kila Jumapili. "Nyamaza, Baba Shitanda. Usituongezee aibu." Alilala korokoroni siku tatu, akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Mtaani ushahidi haukuhitajika. Vijana wa vibaraza wakampa jina, Ufunguo, na kila akipita: "Niaje, Ufunguo! Leo unafungua wapi?" Redio zikaacha kuja. Asenath alikwenda kwenye mazoezi mara moja tu baada ya hapo. Wenzake wakasogea kidogo, kila mmoja akishika mkoba wake. Hakurudi tena. Mwanamke aliyekuwa akiimba hata akichuja uji, miaka miwili sasa alikuwa akichuja uji kimya.

Basi Shiundu alikwenda Njiru. Kazi ni kazi.

Wavinya mwenyewe ndiye aliyemzungusha, kandambili za manyoya miguuni, karatasi ya orodha mkononi.

"Sebuleni mbili. Chumba cha kulia moja. Jikoni moja, ile ndogo. Korido ya juu moja. Chumbani kwetu, chumba cha wageni, bafuni, ndogo ndogo. Baraza moja kubwa. Na chooni."

"Chooni pia, madam?"

"Hasa chooni. Mgeni akae atulie. Kule hotelini nilikaa nusu saa."

"Hiyo ni kumi."

"Na ya kumi na moja kwa Jenerali."

"Jenerali ni nani, madam?"

"Mbwa. Hawezi kulala bila sauti ya watu. Yeye mpe ile kubwa iliyochubuka, isije ikaharibu sura ya nyumba."

Shiundu akaandika: mbwa, moja.

"Na muziki uwe mlaini," Wavinya aliendelea. "Usiwe na maneno. Maneno yanaleta mambo."

Ndogo tano zilikuwa mpya, ndani ya maboksi yake. Kubwa sita zilikuwa stoo, nyuma ya mifuko ya simiti, zimefungwa ndani ya magunia. Diwani mwenyewe alifungua mlango akabaki amesimama hapo, mikono mfukoni. Masanduku ya mbao yalikuwa yameng'olewa. Zilibaki spika tupu, chuma na sumaku na karatasi, zimepuliziwa rangi nyeusi mbele na nyuma.

Shiundu aliigeuza ya kwanza. Alipitisha kidole juu ya karatasi yake, taratibu, akafika mahali penye uvimbe mdogo. Kidole kikasimama.

Kila fundi ana namna yake. Wengine karatasi ya spika ikipasuka wanabandika plasta, wengine wanatupa. Shiundu alikuwa akichana ukurasa wa daftari la shule, anaukata umbo la jani la mwembe, anaubandika kwa gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe, na juu yake anapaka rangi ya kucha ya mkewe ili panya wasile unga. Jani lile lilikuwa pale chini ya rangi nyeusi. Akageuza ya pili. Majani mawili, moja juu moja chini, harusi ya mtoto wa Muindi wa kwaya, vijana walipoirushia kiti. Ya tatu, ya nne, ya tano. Alizijua kama mtu anavyojua makovu ya magoti ya wanawe.

Ya sita hakuwa na haja ya kuitafutia jani. Aliisukuma katikati kwa vidole gumba viwili, polepole, akainamisha sikio. Ndani kukakwaruza: khrrr.

Ndete.

"Kuna shida?" diwani aliuliza mlangoni.

Shiundu akainua macho. Mheshimiwa alikuwa akitabasamu. Hapo ndipo yale maneno ya jua na mchana yalipomfikia, na yalipofika yalifika yote. Mtu huyu hakuwa amesahau. Alijua vizuri anamkabidhi nani spika hizi. Akisema ameziona, watauliza umezijuaje zilipo, na mwizi siku zote ndiye anayejua zilipo. Hakuna fundi salama zaidi duniani kuliko fundi ambaye umeshamwita mwizi mbele ya watu mia tatu.

"Hakuna shida, mheshimiwa. Spika nzuri."

"Za Ujerumani hizo."

"Naona."

Jioni alimwambia Asenath, mlango ukiwa umefungwa, sauti chini. Asenath alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

"Zote sita?"

"Zote."

"Na Ndete yumo?"

"Yumo. Nimemsikia."

Asenath akaweka sufuria chini. Mzee Ndete alikuwa mwimba besi wa kwaya, mtunza ghala mstaafu mwenye kifua kibovu, ambaye kila alipoteremka kwenye ile noti ya chini kabisa alikohoa, na wimbo ukamngoja amalize. Alikufa mwaka wa tisini na moja. Jumamosi iliyofuata mazishi, besi walipoteremka mahali pale pale, spika ya juu ya mlango ikakohoa. Watu wakacheka, kisha wakalia, kisha wakacheka tena. Shiundu aliwaeleza kwamba ni waya wa ndani umepinda unagusa sumaku, kazi ya nusu saa. Mama Nerima akamwambia akithubutu kumgusa Ndete na bisibisi, watagombana. Kwa miaka minne spika ile ilikohoa, na mtaa mzima, hadi watoto wa chekechea, uliijua kwa jina.

"Twende polisi?" Shiundu aliuliza.

"Baba Shitanda, polisi uliwaacha bado wanatafuta sababu ya kukushika. Unataka uwapelekee?"

"Nimwambie Mama Nerima?"

"Atakwambia nyamaza." Asenath alifuta mikono. "Yule diwani amewaita kwaya Jumamosi ijayo. Lori litakuja. Wanaombea nyumba, chumba kwa chumba. Muindi amesema wataimba ule wa Ndete."

Wakatazamana.

"Wewe kazi yako ni nini pale?" Asenath akauliza.

"Kufunga. Na kutengeneza palipoharibika."

"Basi funga. Usitibu."

Ilikuwa rahisi kusema. Shiundu alijifunza kazi hii bila mwalimu, kwa kubomoa redio za watu na kulia nazo, na sheria aliyojiwekea ilikuwa moja: kitu hakitoki mikononi mwake na ubovu anaoujua. Hata walipomwita mwizi hakuna aliyewahi kumwita mbovu wa kazi. Siku alipompandisha Ndete juu ya mlango wa sebule, mkono ulitaka bisibisi. Mara mbili alimteremsha, mara mbili akamrudisha. Mwishowe alikaza skrubu nne, akabandika kifuniko cheupe cha matundu, akashuka ngazi akijisikia kama mganga aliyemwacha mgonjwa makusudi.

Ijumaa wakajaribu. Wavinya aliweka kaseti yake, kinanda kikidondoka kama mfereji usiofungwa vizuri, na muziki ukaenea nyumba nzima. Diwani alipita chumba hadi chumba akiunyooshea kidole, "Hapa upo! Na hapa upo!" kana kwamba anahesabu mbuzi. Jenerali alitoka kwenye kibanda chake, akaitazama ile spika, akabweka, akarudi kulala jikoni, na huko alibaki.

Ndete hakukohoa hata mara moja. Muziki ule haukuwa na kifua. Ulielea juu juu, haukuteremka kamwe mahali mzee alipokuwa akingojea.

"Zote ziko sawa?" diwani aliuliza.

"Zote zinaimba, mheshimiwa. Lakini kesho..." Shiundu akakuna kichwa, kama mtu anayeogopa kupendekeza. "Kwaya itaimba hapa chini sebuleni, na nyinyi mtakuwa juu na mchungaji mkiomba. Nyumba ni kubwa. Baraka hazitasikika huko juu."

"Ehe?"

"Nina maikrofoni moja. Nikiiunganisha na amplifaya, kwaya itasikika kila chumba."

"Mpaka chooni?" Wavinya akauliza.

"Mpaka kwa Jenerali, madam."

Diwani alimpiga bega tena. "Unaona? Mtu akikaa na watu wazuri, akili inafunguka."

Jumamosi saa nne lori liliwasili likiwa limejaa watu wa Shauri Moyo na vumbi la Njiru. Walishuka wakijipangusa, wakainua macho. Wengine wao chumba chao kizima kingeingia kwenye lile baraza, na kitanda kikapata pa kugeukia.

"Hii ni nyumba ama ni shule?" Muindi alinong'ona, mpagazi wa Gikomba, bonge la mtu, aliyerithi besi ya Ndete.

"Nyamaza," Mama Nerima akamwambia. Neno lile lilikuwa limekaa mdomoni mwake kama meno. Kisha akamwona Shiundu kando ya amplifaya, na akapitisha macho juu yake kama anayepitia kiti.

Asenath alikuwepo pia. Diwani alikuwa ameomba akina mama wa kumenya viazi, na kumenya viazi hakuulizwi nani alimwibia nani. Alisimama mlango wa jikoni, kisu mkononi.

Mchungaji alifungua kwa sala. Alimshukuru Mungu kwa kumfungulia mtumishi wake madirisha ya mbinguni, na kwa kweli madirisha yalikuwa thelathini na mawili. Kisha yeye, diwani, Wavinya na wageni wa heshima wakapanda ngazi kwenda kuombea vyumba vya juu, na kwaya ikajipanga sebuleni. Shiundu aliwasha maikrofoni. Mama Nerima akainua mkono.

Waliimba ubeti wa kwanza, na sauti zao zikawarukia kutoka darini, kutoka koridoni, kutoka nje kwa mbwa. Wakatabasamu. Miaka miwili walikuwa wakiimba ndani ya ukumbi uliokauka. Wakaingia kiitikio, sauti ya kwanza ikapanda, ya pili ikashikilia, na Muindi akajaza kifua akateremka, hatua, hatua, hatua, mpaka chini kabisa.

Khrrr-khrrr.

Mmoja wa sauti ya kwanza akacheka kwa pua, kwa mazoea tu, kama alivyokuwa akicheka zamani. Kisha akashika mdomo. Wimbo ukalegea, ukasimama.

Mama Nerima hakugeuka. "Muindi. Rudia hapo."

"Wapi, mama?"

"Pale chini. Peke yako."

Muindi akashuka tena peke yake. Juu ya mlango, nyuma ya kifuniko cheupe, mzee akakohoa mara mbili, kama kawaida yake, akangoja.

"Ndete!" alipiga kelele bibi mmoja wa nyuma. "Jamani, ni Ndete!"

Hapo sebule ililipuka. Kuna waliocheka, kuna waliolia. Na kwa sababu maikrofoni ilikuwa bado imewashwa, jina la Ndete lilitangazwa korido nzima, bafuni, chooni, na chumbani ambako mchungaji alikuwa amefumba macho juu ya kitanda cha mheshimiwa.

Diwani alishuka ngazi mbili mbili. "Nini? Kuna nini? Fundi, kitu gani hicho kinakwaruza? Si nilikuuliza jana?"

Aliyejibu ni Mama Nerima, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kuogofya. "Mheshimiwa, tunamsalimia mtu wetu. Alipotea mwaka wa tisini na tano. Hatukujua amehamia huku."

"Mtu gani? Hiyo ni spika. Ya Ujerumani!"

"Ni ya Ujerumani kabisa," Wavinya alisema kutoka ngazini. "Hata mume wangu ana risiti."

"Huko Ujerumani walimjulia wapi Ndete?" akauliza Muindi, na watu wakacheka kicheko ambacho diwani hakukipenda.

Lakini mtu hawi diwani mara mbili kwa kukosa maneno. Kimanzi alivuta pumzi, akavua kofia. Shiundu alipoona kofia ikivuliwa, aliukumbuka ule mkutano.

"Wapendwa," diwani alisema, na ile sauti ya mfiwa ikarudi. "Mmeniharibia. Nilitaka niwashangaze baada ya chakula. Ni kweli, hizi ni spika zenu. Nilizitafuta kwa gharama yangu mwenyewe, nikazikomboa mwezi wa pili mwaka huu kutoka kwa mwizi. Leo nilikuwa nawakabidhi."

Kisha, Mungu atusamehe, kuna waliopiga makofi.

"Mwizi ni nani?" sauti ikauliza.

"Mimi simtaji mtu," diwani alisema, akaelekeza macho yake taratibu kwenye amplifaya. "Simtaji."

Shingo zikageuka. Shiundu aliziona zikigeuka, shingo zile zile, upande ule ule. Miaka miwili alikuwa ameandaa hotuba kwa ajili ya siku kama hii, ndefu, yenye tarehe, na sasa halikuwepo hata neno moja. Kilichokuwepo ni orodha tu.

"Mama Nerima," alisema. "Spika zenu ni sita. Ndete huyo juu. Mwenzake yule pale dirishani. Ya tatu chumba cha kulia. Ya nne korido ya juu. Ya tano barazani."

"Na ya sita?"

"Ya sita iko kwa mbwa."

"Kwa nani?"

"Kwa Jenerali. Kibandani mwake. Madam alisema hawezi kulala bila sauti ya watu."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Bibi wa nyuma alitoka nje bila kuaga, wengine wakamfuata, wakainama mbele ya kile kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya maziwa, wakaiona. Wizi wangeweza kuumeza. Wameumeza mwingi, wa ardhi na wa mfereji na wa dawa. Lakini mama wa mboga aliyetoa shilingi zake za sukumawiki ili mtaa wake uwe na sauti, akaikuta sauti hiyo inabembeleza mbwa, huyo uvumilivu wake una kiasi.

"Zawadi yetu," Mama Nerima alisema aliporudi. "Ulikuwa unatukabidhi kutoka kwa mbwa?"

"Mama, hilo ni jambo dogo, ni la—"

"Nyamaza." Kwa mara ya kwanza neno lile lilikwenda kwa mwenyewe. "Kufuli halikuvunjwa. Ulituambia wewe. Funguo zilikuwa mbili, mheshimiwa. Mimi nilikuwa katibu wa ile kamati, niliziandika kwa mkono wangu. Moja ya fundi. Ya pili ya nani?"

Diwani akamtazama mchungaji. Mchungaji akaangalia madirisha ya mbinguni.

"Baba Shitanda," Mama Nerima alisema bila kumtazama Shiundu usoni, "zifungue."

Alizifungua zote sita, moja moja, kwa mpangilio, wala hakuharakisha. Wavinya alikaa ngazini akilia kwamba zitaacha mashimo. Zikaacha. Muindi alimbeba Ndete kifuani kama mtoto mchanga. Wali ulibaki sufuriani, na dereva wa lori, aliyelipwa kwenda na kurudi, alirudisha watu na spika bila kuuliza. Njiani wakaimba. Shiundu aliketi nyuma kabisa, na alipofika kwenye kiitikio akasikia kando yake sauti ya pili, nyembamba, imechakaa kwa kukaa, ikikosea neno moja na kuendelea. Hakugeuka kuangalia. Aliogopa Asenath angeacha.

Ningependa kusema diwani alifungwa. Alichaguliwa tena Desemba, kwa kura nyingi, na wapiga makofi ni wale wale. Mfereji bado.

Jumatatu baada ya siku ile ya Njiru, Mama Nerima alikuja kibandani. Hakusema pole. Aliweka juu ya meza redio yake ya mkononi, na kando yake, kwenye uzi mwekundu, ufunguo wa ukumbi.

"Imenyamaza tangu mwaka wa tisini na tano," alisema. "Sikumpa mtu."

"Mafundi wako wengi."

"Sikumpa mtu, Baba Shitanda."

Shiundu aliutazama ufunguo, akauacha hapo ulipo. Akachukua redio, akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha. Betri nne zilikuwa zimeoza ndani, zimetoa unga mweupe. Alizitoa, akakwangua kutu, akaweka za kwake. Redio ikasema saa na habari, safi, haina hata kukwaruza. Hakuna kilichokuwa kimeharibika; miaka miwili ilikosa tu mtu wa kuifungua aangalie.

Alizichukua zile betri mbovu, akampa Mama Nerima mkononi, zote nne, akamfunga vidole juu yake.

"Nenda nazo," alisema. "Uziweke mahali utakapokuwa unaziona."